Nusu Saa ya Asubuhi ni Haki ya Mtambo

Kando ya njia moja ya murramu, baina ya Busia na Tororo, mahali ambapo sitapataja kwa kuwa sikusudii kumtahayarisha mtu, limelala tingatinga ambalo kwa mara ya kwanza nililiona likiwa hai, rangi yake ya manjano ikimeremeta, limefungwa utepe na kushangiliwa na halaiki ya watu waliovaa nguo zao za sikukuu. Nilipopita tena baada ya misimu michache ya mvua nilikuta majani yamepanda hadi kwenye kiti cha dereva, mbuzi wawili wamejilaza kivulini mwa sahani yake ya kusukumia udongo, na mnyororo wa kushoto umechomoka na kutandazika chini kama joka lililokufa. Nilimwuliza kijana aliyekuwa akichunga mbuzi wale kumetokea nini, naye akanijibu kwa neno moja, bila ya huzuni wala mshangao: “Liliharibika.”

Neno hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Lugha yetu, kwa upole wake, imetujalia vitenzi vya namna hii visivyomtaja mtendaji: kikombe kimevunjika, nguo imechanika, fedha zimepotea, mtambo umeharibika, na upole huo, ambao nyumbani huwaepusha watoto na kipigo na wageni na aibu, ukihamishiwa katika mali ya umma hugeuka kuwa pazia. Kwani tingatinga lile halikuharibika, bali liliharibiwa. Wala hakuliharibu adui aliyelivamia usiku, wala jiwe kubwa lililoshinda nguvu zake, bali asubuhi nyingi mfululizo ambazo mtu aliliwasha na kuliendesha pasi na kuliinamia kwanza akalitazama. Dai langu ni kwamba kila mtambo utembeao kwa minyororo una haki ya nusu saa kila asubuhi kabla ya kazi, kwamba nusu saa hiyo sharti ilipwe ujira kama saa nyingine yoyote, na kwamba wanaodaiwa haki hiyo, kabla ya dereva, ni serikali za pande zote mbili za mpaka pamoja na matajiri wenye mitambo ya kukodisha.

Jambo hili si la mafundi peke yao katika nchi hii ya mpakani. Tororo, mji uliokaa chini ya mwamba wake mashuhuri, umekula kwa mikono ya mitambo mizito tangu miaka ya 1950, wakati kiwanda cha saruji kilipoanza kusaga jiwe la chokaa lichimbwalo jirani. Na karibu na hapo, katika vilima vya Sukulu, ardhi hupasuliwa kwa ajili ya fosfeti. Busia ya Uganda ina dhahabu yake, ambayo zamani ilifuatwa kwa sururu na karai na sasa yafuatwa pia kwa eskaveta. Busia ya Kenya, ikishuka hadi tambarare ya Bunyala, ina mto Nzoia, ambao matuta ya udongo yaliyojengwa kando yake ndiyo pekee yanayoutenga na nyumba na mashamba ya watu wa Budalangi. Na kila aliyeona mafuriko ya 2007, au yale ya 2020, anajua kwamba tuta likipasuka huwa halikumbuki ahadi ya mtu. Ongeza barabara za murramu za pande zote mbili, ongeza mashimo ya maji ya mifugo, na utaona kwamba katika nchi hii mtambo wa minyororo ndio aghalabu hutangulia kuigusa ardhi, nao ukilala, kazi zote zilizopangwa nyuma yake hulala pamoja nao, na mvua haingojei.

Inafaa kwanza kueleza mtambo huu ni kitu gani, maana watu wengi huutazama kwa hofu na fahari bila ya kuuelewa. Mwaka 1904, Benjamin Holt wa Stockton, California, alipoona magurudumu ya trekta zake za mvuke yanadidimia katika udongo laini wa mashamba ya huko, aliyavua magurudumu ya nyuma na kufunga mahali pake mapande ya mbao yaliyounganishwa kwa mnyororo, mashine ikawa yatembea juu ya njia yake yenyewe, ikiitandaza mbele na kuikunja nyuma; na kwa mwendo wake wa kutambaa ikafananishwa na kiwavi, ambaye jina lake la Kiingereza ndilo lililotufikia sisi kwa sura ya katapila. Mbao zikawa chuma na mvuke ukawa dizeli, lakini hikima ni ile ile: uzito wa tani ishirini au zaidi hugawanywa juu ya eneo pana, hata mashine ikapita palipo na tope lililomshinda punda.

Lakini njia hiyo ijitandazayo yenyewe haiji bure. Kila mnyororo una viungo kama arobaini, na kila kiungo kina pini yake ndani ya bushi yake, na mtambo uendapo, kila pini huzunguka kidogo ndani ya bushi mara ipitapo kwenye gurudumu la mbele, ambalo mafundi huliita aidla, na mara ipitapo kwenye gurudumu la meno la nyuma, ambalo huliita sproketi. Na katikati mna marola ya chini yaubebayo uzito wote na marola ya juu yaushikiliayo mnyororo usining’inie. Pote hapo chuma husugua chuma, na mchanga ukiwapo baina yao huwa msasa. Mafundi husema mnyororo umerefuka, na asiyejua hudhani kuwa chuma kimevutika kama mpira. Kumbe kilicholiwa ni pini na bushi, nusu milimita hapa na nusu milimita pale, na nusu hizo zikijumlishwa mara arobaini, mnyororo haukai tena sawasawa juu ya meno ya sproketi, meno nayo huanza kuchongoka kama ya papa, na kila kimoja huharakisha ulaji wa mwenziwe. Watengenezaji wenyewe hukadiria kwamba gharama ya sehemu hizi za chini yaweza kufikia nusu ya gharama zote za kuutunza mtambo wa namna hii katika maisha yake. Mwenye mali akisimama mbele ya mtambo na kuisifu injini, basi atambue kwamba nusu ya mfuko wake iko chini, mahali ambapo hakuinama kutazama.

Aliyenifundisha kuinama ni mzee mmoja, opereta wa miaka mingi, niliyemkuta katika shimo la murramu nje kidogo ya Busia, upande wa Kenya, kabla ya saa moja asubuhi, jua halijavuka bado vichwa vya mikaratusi. Alikuwa peke yake na kijana wake wa kumsaidia. Hakuiwasha mashine. Alianza kwa kuizunguka, akianzia kushoto, macho yake yakiwa chini na si juu, akitafuta tone la oili juu ya udongo mkavu, kwa maana, alivyonieleza, mashine husema usiku, na usemi wake huandikwa chini. Kisha alichomoa kijiti cha oili, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha na kukichomoa tena, akasoma. Akafungua kifuniko cha rejeta kungali baridi, akachungulia maji. Akalegeza kizibo kilicho chini ya filta ya dizeli, akakinga matone ya kwanza katika chupa nyeupe na kuinyanyua kuelekea mashariki, tukaona sote wawili maji yaliyojitenga chini ya mafuta, kidogo sana, pengine kijiko cha chai. “Hiki kijiko,” akasema, “kikifika kwenye nozeli, tajiri atauza ng’ombe.”

Alipokuja kwenye minyororo, mzee yule alitwaa fito ndefu iliyonyooka, akailaza juu ya mnyororo kutoka kwenye rola ya juu hadi kwenye aidla ya mbele, akapima kwa rula pengo lililobaki baina ya fito na mahali mnyororo ulipobonyea zaidi. Pengo lilikuwa upana wa vidole vitatu hivi, naye akaridhika. Nami, kwa ujuaji wa watu wa kalamu, nikamwuliza, “Mzee, ukiukaza zaidi si ndiyo utakaa imara?” Akacheka, akasema, “Mnyororo ni mshipi wa suruali, mwanangu. Ukiulegeza utakuaibisha njiani, na ukiukaza mno, huli wala huketi.” Baada ya hapo alimpa kijana nyundo ndogo agonge boliti za viatu vya mnyororo moja baada ya moja, mwenyewe akiwa amesimama kando anasikiliza tu, na boliti ya saba au ya nane ilipotoa sauti ya kigae badala ya sauti ya kengele, alinyoosha mkono bila ya kusema neno, na kijana akaifuata kwa spana. Grisi ikapigwa katika maungio yote, hata ile ya zamani ikatoka nyeusi na nyingine safi ikaonekana nyuma yake. Nilitazama saa yangu: dakika ishirini na nane.

Katika maneno ya mzee yule kuhusu mshipi mna elimu nzima. Mnyororo uliolegea hupigapiga, na siku mtambo unapogeuka juu ya mteremko huruka nje ya njia yake, kazi ikasimama mahali pabaya kuliko pote. Mnyororo uliokazwa mno hausemi kitu, na ndiyo sababu hatari yake ni kubwa zaidi. Huzilazimisha pini na bushi kusagana kwa nguvu zisizo na faida, hula sproketi, hunywa dizeli, na kuipunguzia mashine nguvu ambayo ingeitumia kusukuma udongo. Marekebisho yake ni sahali ajabu: husukumwa grisi kwa bomba katika silinda iliyo nyuma ya aidla, nayo husogea mbele na kuukaza mnyororo, na akitaka kuulegeza, fundi hufungua kizibo cha silinda hiyo taratibu, pasipo kuzidisha mzunguko mmoja, wala haweki uso wake mbele yake, kwa kuwa grisi ile imo ndani kwa shinikizo liwezalo kupenya nyama ya mtu. Kazi ya dakika kumi na bomba la grisi yatosha kuongeza miezi katika maisha ya mnyororo. Lakini dakika hizo kumi hazina picha ya gazetini.

Fauka ya hayo, nchi hii ya mpakani humtaka opereta awe na elimu ya udongo, kwa kuwa udongo wake si mmoja. Murramu ya machimbo ya juu ni chembechembe kali, ikaukapo huingia kila ufa na kusaga. Ilhali tambarare ya Bunyala, kuelekea ziwani, ni mfinyanzi mzito unaonata, ambao hujishindilia baina ya meno ya sproketi na chini ya viatu, hata mnyororo ukakazika wenyewe pasi na mtu kuukaza. Opereta aliyepima mnyororo wake juu ya murramu kavu siku ya Jumatatu, mtambo ukapandishwa lobedi, trela ya kubebea mitambo, na kupelekwa kwenye tuta la Nzoia siku ya Jumanne, akaanza kazi bila ya kupima tena tope likiwa ndani yake, huwa amefunga mshipi wa jana katika tumbo la leo. Na jioni, tope lile lisipokwanguliwa kwa sepeto kabla halijakauka, hugeuka tofali usiku. Asubuhi marola hukataa kuzunguka, mnyororo hupita juu yao kwa kuburuta, nayo huliwa upande mmoja hata yakawa bapa. Tororo ina mtihani wake mwingine: vumbi la chokaa na saruji lizibalo filta ya hewa, na mvua za ngurumo ambazo zimeufanya mji huo utajwe katika habari za hali ya hewa duniani kwa wingi wa siku zake za radi. Hapo mtambo hupigwa na vumbi asubuhi na kuoshwa kwa tope alasiri, na kitabu kilichoandikiwa nchi ya wastani hakimtoshi fundi wa huko.

Vilevile kuna ada mbaya za uendeshaji, ambazo haziponyeki kwa grisi. Kurudi nyuma kwa kasi kubwa ili kuwahi kuanza msukumo mwingine hula bushi na sproketi kuliko kwenda mbele. Kugeukia upande mmoja tu kutwa nzima hula mnyororo mmoja na kuuacha wa pili. Na kuuendesha mtambo kwa miguu yake mwenyewe kilomita nyingi kutoka kazi moja hadi nyingine, kwa kuiepa nauli ya lobedi, ni kuununua unafuu wa leo kwa deni la kesho.

Kuhusu mafuta, nitasema kwa uwazi ambalo kila mkazi wa Busia analijua. Bei ya dizeli inapotofautiana baina ya upande huu na ule, mafuta huvuka mpaka usiku katika jerikeni, juu ya baiskeli na pikipiki, kwa njia za vichochoroni. Na jerikeni iliyobeba jana maji na leo dizeli haina uaminifu kwa nozeli ya mtu. Sisemi hapa habari ya ushuru, ambayo ina wenyewe. Nasema habari ya hesabu. Aliyeokoa shilingi chache katika kila lita, akamwaga mafuta hayo katika tangi la mashine ya mamilioni, kisha akabadilisha pampu na nozeli kabla ya wakati wake, hajaokoa kitu. Ndivyo ilivyo pia kwa oili iliyofungwa katika makopo ya jina kubwa na ambayo ndani si ile, na kwa filta za karatasi nyembamba zifananazo na za kweli kama pacha. Oili ya injini na filta yake aghalabu hutakiwa kubadilishwa kila baada ya masaa 250 ya kazi, ambayo, kwa mtambo ufanyao kazi masaa manane kwa siku, siku sita kwa juma, ni majuma matano tu. Na filta ya bandia hufanya majuma hayo matano kuwa mzaha, kwa kuwa tarehe imetimizwa na kazi haikutendeka.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo madogo, na kwamba nchi hujengwa kwa mambo makubwa. Kwao nina kisa kimoja, kilichotukia si mbali sana nasi. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Tanganyika mradi wa karanga uliokusudia kusafisha ekari zaidi ya milioni tatu za pori, ukianzia Kongwa, na kwa kazi hiyo zilikusanywa trekta na matingatinga, mengi yakiwa masalio ya vita yaliyonunuliwa kutoka maghala ya jeshi hata ya huko Ufilipino. Fedha hazikukosekana, wala azma, wala hotuba. Kilichokosekana ni mafundi wa kutosha, vipuri, karakana zilizo tayari kabla ya mashine kufika, na madereva waliofunzwa. Na pori la Kongwa, kwa mizizi yake na kwa udongo wake uliooka juani ukawa kama saruji, halikuwahurumia. Hata mwaka ule wa kwanza haujaisha, sehemu kubwa ya mashine zilikuwa zimelala. Mpango wa mwaka huo ulikuwa kusafisha ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500. Mwaka 1951 mradi ukavunjwa, baada ya kula pauni milioni thelathini na kitu, na Kongwa ikabaki na makaburi ya vyuma. Wanahistoria wametaja sababu nyingi, nami sikatai hata moja, mvua wala haraka wala ghururi. Lakini katika sababu hizo zote moja ni hii: mashine zilitangulia, na matunzo yakaambiwa yatafuata.

Nikirejea mpakani petu, naona Kongwa ndogondogo zimetapakaa. Halmashauri hupewa mtambo mpya kwa sherehe, na bajeti ya mwaka ule ina mafuta mengi ya kutembelea wakubwa kuliko grisi ya mtambo. Mtambo ukishindwa, husubiriwa fundi kutoka mbali. Na kwa upande wa Uganda, karakana ya serikali ya ukanda huu wa mashariki iko Bugembe, karibu na Jinja, zaidi ya kilomita mia moja kutoka Tororo, ambayo haiwezi, hata ingekuwa na malaika ndani yake, kuja kupima mnyororo kila kunapokucha. Kwa wenye mitambo ya kukodisha hali si bora. Mkodishaji hulipwa kwa saa, kipimo cha masaa kikihesabu injini inaponguruma, na kwa hiyo dakika inayotumika mashine ikiwa kimya huonekana kama dakika iliyoibiwa. Niliwahi kumsikia msimamizi mmoja wa kazi akimfokea opereta aliyekuwa amepiga magoti kando ya mnyororo: “Wewe bwana, umekuja kufanya kazi au kusali?” Opereta akainuka, akapanda, akawasha. Hakujibu, maana hakuwa na mkataba.

Nayajua majibu ya wenye mali, na insafu yanitaka niyataje. Husema kwanza kwamba wakati ni mchache na mvua za masika ziko karibu. Basi tufanye hesabu: nusu saa kwa siku, katika siku ishirini na sita za kazi, ni masaa kumi na matatu kwa mwezi, yaani hayatimii siku mbili. Mtambo uliovunjika sproketi katikati ya tuta, ukangojea kipuri kutoka Nairobi au Kampala, na kipuri kikangojea sahihi, na sahihi ikangojea mkutano, hupoteza siku mbili kabla hata barua haijapigwa chapa. Husema pili kwamba maopereta wenyewe ni wezi wa dizeli, na kwamba nusu saa pasi na msimamizi ni nusu saa ya mpira na mtungi. Siwezi kukana kwamba wapo. Lakini namwuliza mwenye mali: mtu umlipaye kwa kuchelewa, umwitaye kibarua baada ya miaka kumi ya ustadi, umkatazaye kuinama kuitazama mashine yako, utamdaije aipende? Amana huzaliwa pale mtu anapoaminiwa, nao wizi huota mahali ambapo hakuna aandikaye. Husema tatu kwamba fedha hakuna. Hilo ni kweli mara nyingi. Ila nimeona kwamba fedha za kununulia mtambo wa pili hupatikana, kwa kuwa mtambo wa pili nao utafungwa utepe.

Ninachoshauri kwa hiyo si kitu cha gharama kubwa, na hakihitaji mtaalamu kutoka ng’ambo. Kwanza, nusu saa ya asubuhi iandikwe katika mkataba wa opereta na wa msaidizi wake, ilipwe, na kwa mitambo ya kukodisha ihesabiwe katika bei, ili yule apigaye magoti kando ya mnyororo awe anafanya kazi kwa sheria, si kwa kuiba. Pili, opereta apewe mamlaka ya kuusimamisha mtambo anapouona ubaya, na asishurutishwe kuuwasha mpaka sababu yake ichunguzwe. Kwa maana mtu aliyekaa juu ya kiti kile kutwa nzima huusikia ugonjwa wa mashine mapema kuliko mhandisi aliye ofisini. Tatu, bajeti inunuayo mtambo wa minyororo isipitishwe kama haina ndani yake fedha za pini, bushi, marola, filta na grisi kwa miaka ya mbele, zikatengwa mahali ambapo safari za wakubwa hazifiki.

Nne, na hili ndilo ninalolitilia ihtimamu kuliko yote, kila mtambo wa umma uwe na daftari lake la masaa, liandikwalo kila siku kwa mkono wa opereta: masaa yaliyosomwa, oili iliyoongezwa, pengo la mnyororo, boliti iliyolegea, maji yaliyotoka katika dizeli, na daftari hilo lisifungiwe kabatini, bali lisomwe mbele ya baraza la wilaya upande mmoja na bunge la kaunti upande wa pili, wakati ule ule wa kusomwa hesabu za fedha. Wahenga wa pwani, waliokuwa wafanyabiashara kabla ya kuwa wahenga, walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nao hawakuwa wameona katapila. Busia yenyewe ni mji wa kuandika. Tangu mwaka 2018, kilipozinduliwa rasmi kituo cha pamoja cha mpakani, lori lipitalo hapo hukaguliwa na maafisa wa nchi mbili mahali pamoja, likapimwa, likahesabiwa, likapigiwa muhuri. Hata gunia la vitunguu lina karatasi yake. Yashangaza kwamba mji uwezao kuandika vitunguu vya mpita njia haujaandika umri wa tingatinga lake wenyewe.

Msomaji huenda akasema, mimi si opereta wala diwani, haya yanihusu nini? Yanakuhusu kwa kodi uliyolipa na kwa tuta ulilolala nyuma yake. Nami sikutaki uingie chini ya mashine. Siku watakapokualika tena kwenye sherehe ya mtambo mpya, na utepe ukakatwa, na ngoma ikapigwa, ngoja mpaka makofi yaishe, kisha uinue mkono uulize kwa adabu, kama mtu anayeulizia afya ya mzee aliyeachwa nyumbani: “Waheshimiwa, daftari la ule wa zamani liko wapi?” Na wakikujibu kwamba uliharibika, usiketi. Waulize uliharibiwa asubuhi gani.